Mizani

Lama hana jina kwetu.
Shangazi Mwanahawa, kwenye simu kutoka Korogwe,
aliuliza: ni ngamia?
Nikasema, ngamia asiye na nundu.
Ni kondoo? Kondoo, nikasema,
mwenye shingo ndefu na dharau ya karani wa benki.
Akacheka mpaka akakohoa,
kisha akarudi kwenye habari za bati za jikoni,
ngapi zimetoboka, na bei yake sasa.

Hapa Lostine tunaamka saa kumi na moja,
umande umegandia kamba.
Darlene Hutchcroft, miaka sabini na mmoja,
kichwani kofia ya marehemu mumewe,
anatundika kila mkoba kwenye mizani ya ndoana
kama muuza nyama anayeogopa lawama.
Kilo ishirini kulia, ishirini kushoto.
Kikizidi kikombe, tunahamisha kikombe.
Ikipungua robo, naokota jiwe mtoni.
Namkumbuka mwalimu Kibwana, chaki mpaka nyusi:
ukwapi nane, utao nane,
mstari uliopinda mgongo hausafiri.

Lakini leo wageni wetu wa kutoka Boise
wamesikia habari za chapati.
Nilisema ndiyo kabla hawajamaliza kuuliza.
Darlene alipogeuka kumfunga Biskuti tandiko,
nilichomeka kikaango changu cha chuma
upande wa kushoto wa Waziri,
na unga, na kopo la samli.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Tulipanda. Misonobari ilipungua kimo,
ikawa vichaka, ikawa mawe matupu.
Lama hutembea kama mtu aliyevua viatu
kwenye nyumba yenye mgonjwa;
nyayo zao laini hazidai kitu kwa njia.
Waziri aliguna mara moja kwenye kijito.
Akaguna tena penye theluji kuukuu, chafu kama pamba ya godoro.
Nikajifanya sisikii.

Karibu na mlango wa mlima
akakunja magoti ya mbele,
akakunja ya nyuma,
akakaa.
Katikati ya njia, masikio nyuma,
anatazama bonde kana kwamba amelilipia.

Bwana Trask akavuta kamba. Akatemewa.
Mate ya kijani, yenye harufu ya jana.
Darlene hakuvuta. Alichuchumaa,
akapitisha kiganja chini ya mkanda,
akafungua mkoba wa kushoto
na kukitoa kikaango, polepole,
kama daktari anayetoa risasi.
Hakusema kitu.
Aliniangalia tu kwa yale macho ya rangi ya barafu,
na Waziri akaniangalia,
nami ningeapa alikuwa anahesabu silabi:

*Mzigo naukubali, ila usizidi mno;*
*njia ingawa ni mbali, tutafika kwa usono.*

Nilikaa kando yake juu ya jiwe.
Simu haikuwa na mtandao.
Ada ya Hemedi, bati za shangazi,
zamu za usiku kule kwa wazee Enterprise,
vyote vilikuwa chini, vinasubiri mnara.
Miaka sita nimepanda.
Sikumbuki hata siku moja
niliyokunja magoti katikati ya njia
nikasema: punguzeni kwanza.
Sikujua inaruhusiwa.

Nilimwonea wivu mnyama. Naliandika hili bila aibu,
au kwa aibu kidogo.

Upepo ulipokuwa mkali, Waziri akainuka,
akajikung'uta, akatangulia,
mikoba yake sawasawa, nane kwa nane.
Darlene alionyesha jiwe bapa:
kiache hapo, tutakichukua Alhamisi.
Nikasema ndiyo.
Kisha nikakifunga mgongoni mwangu kwa kanga,
na mteremko mzima, kila hatua,
kilinigonga kwenye uti wa mgongo,
ndi-yo,
ndi-yo.